Atanguliaye Hushika Lango

Saa mbili asubuhi, uwanja wa shule, Church Stretton,
vidole vimekufa ganzi, pini nne hazitaki kuingia
kwenye namba yangu: mia mbili na sita.
Heulwen ananibandikia, pini moja mdomoni.
"Tumu," ananiambia (Mwantumu ni refu mno
kwa mtu mwenye pini mdomoni), "sharti letu ni lile lile:
kwenye mwinuko hakuna maneno,
na atanguliaye hushika lango."

Maana huku vilima vimekatwakatwa kwa kuta na nyaya,
kila shamba na lango lake, kila lango na komeo lake la kiburi:
hili la kuinua, lile la kusukuma kwa nyonga,
jingine limefungwa kwa kamba ya bluu ya kufungia majani makavu.
Kondoo wakitoroka, lawama ni yako.

Maili ya kwanza tulikwenda kama watu waliochelewa harusi.
Kisha Caradoc ikasimama mbele yetu
wima, kama deni.

Tukanyamaza. Mikono magotini,
pua karibu na nyasi, nikisikia
pumzi yake nyuma yangu ikihesabu kwa Kiwelisi,
namba ninazozijua kwa masikio tu,
miaka mitatu ya Jumapili, baada ya zamu ya usiku
katika chumba cha kufulia cha hospitali, Shrewsbury,
ambako tulikutana tukikunja shuka,
yeye pembe mbili, mimi pembe mbili,
tukikaribiana, tukiachana, tukikaribiana.

Kileleni upepo ulinipiga kofi la kunikaribisha.
Nikamwambia, kwetu tunasema:
kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.
Akataka kujua ngoma gani, inachezwa vipi.
Nikamjibu, subiri.

Tuliicheza. Tope ndilo lililotufundisha.
Heulwen aliteleza mita kumi akiwa amekaa,
akasimama na nusu ya kilima kwenye kaptula yake,
akasema: sasa nimeelewa.

Lango la sita, yeye. La saba, mimi. La nane, yeye.
Kijana wa koti la manjano akatupa chai na keki ya shayiri,
akatuuliza tumetoka wapi.
"Lango la nane," akasema Heulwen.

Maili ya kumi na tisa, juu ya Long Mynd,
kangaga zimekauka rangi ya kutu,
farasi wadogo wakitutazama bila huruma,
goti lake la kushoto likakataa.
Si kwa kelele. Lilikataa kama mtu anayeweka kalamu chini.
"Nenda," akasema. "Saa sita zako bado zinakusubiri. Nenda, Tumu."

Nami nikaenda.
Sitalipamba. Nilizitaka hizo saa sita,
nilizitaka miezi yote ile, asubuhi hiyo
nilikuwa nimeziandika kwa wino nyuma ya kiganja. Nikaenda,
na miguu, bila aibu, ikafurahi.

Dakika nne, labda tano.
Kisha lango: la chuma, jipya, komeo jepesi.
Nikalifungua. Nikapita.
Nikageuka kulishikilia, kwa mazoea,
na hapakuwa na mtu.

Sijui nilisimama muda gani. Saa ilijua,
lakini nilikuwa nimeifunika kwa mkono wa fulana.
Wakapita wanaume wawili, mwanamke mmoja, mbwa na bwana wake,
kila mmoja akinishukuru kwa lango
kana kwamba nimeajiriwa hapo.
Ukungu ukashuka, ukapanda, ukashuka.

Halafu nikaisikia: ile hesabu ya Kiwelisi,
ikikwama kwenye nne, ikianza upya.

Hakusema asante. Alipita akichechemea,
akautazama mkono wangu, mwekundu kwa baridi ya chuma.
"Ulikwenda," akasema.
"Nilikwenda."
Akafikiri kidogo, akakunja goti, akalikunjua.
"Haya. Lango lijalo ni langu."

Mbele yetu maili sita na kitu, na mteremko.
Tukaanza kuongea.