Chozi Kwenye Shubiri

Mhando alizinunua nyasi zimeviringishwa kama mikeka,
akazitandaza mbele ya nyumba yetu ya Vallejo,
akavua viatu,
akasimama katikati kama mtu aliyefika.

Mimi ni wa Lushoto. Kwetu maji
huteremka mlimani bila kuitwa.
Sikujua kwamba California majira yamevaa kanzu nyuma mbele:
mvua ni ya Januari, baridi ndiyo mkulima,
kisha Mei anga hufunga duka,
na hadi Oktoba hupati hata wingu la kukopa.

Mwaka wa tatu wa ukame, idara ya maji iliandika kwa adabu zote:
mwagilieni mara mbili kwa wiki, kabla ya saa mbili asubuhi.
Mhando naye alikuwa amepimiwa.
Figo zimegoma, daktari alisema,
maji kidogo sana kwa siku,
pamoja na uji, pamoja na chungwa.
Nilimpimia kwa kikombe cha dawa chenye mistari.
Usiku alifyonza barafu, akinitazama.
Alfajiri, nje, nyasi zake zilikunywa.

Nilipotoka eda sikuweza kuziangalia.
Nuhu, mwanangu, Nuhu asiyewahi kuona gharika,
alileta maboksi kutoka ghala anakokesha kazini,
maboksi ya majokofu, ya televisheni za watu.
Tukayalaza juu ya nyasi, ukingo juu ya ukingo,
tukayalowesha, tukayafunika vipande vya mbao.
Ndivyo zinavyokufa huku:
gizani, polepole, jembe halijaguswa.

Novemba, baada ya mvua ya kwanza, tukapanda.
Lavenda. Rozmari. Mzaituni unaonifika kiunoni.
Shubiri kando ya ngazi.
Na kichaka cha hapahapa, gome jekundu
kama shaba iliyosuguliwa kwa majivu:
manzanita, yaani tofaa dogo kwa Kihispania.
Jirani yangu Remedios Lacsamana, muuguzi mstaafu,
alikinyooshea kidole kama mgonjwa msumbufu:
"Huyu, kiangazi, mwache."

Agosti majani yake yalisimama wima,
yakilikabili jua kwa makali, si kwa uso.
Mimi niliona kiu.
Saa tano usiku nilitoka na ndoo kama mwizi.
Kunywa, nikasema. Kunywa, baba.
Siku kumi na nne, ndoo kwa ndoo.

Kilianza kufa kwenye ncha.
Remedios akazamisha kidole udongoni, akakinusa.
"Si kiu hii. Umemzamisha."
Akajifuta kwenye aproni, akaketi nami ngazini.
Hakuuliza ndoo ilikuwa ya nani.

Sasa ni Januari nyingine, na shubiri imetoa maua,
mishumaa ya rangi ya chungwa bivu.
Kwetu shubiri hupakwa titini
mtoto anapoachishwa ziwa.
Mama yangu alisema nililia siku tatu,
na yeye nne.

Ndege anakuja, mdogo kama kidole gumba,
koo lake linawaka waridi,
anasimama hewani pasipo kitu cha kukanyaga.
Jina lake kwa Kiswahili silijui.
Namwita chozi, kwa kuwa chozi wa kwetu
naye hutumbukiza mdomo uani hivihivi.
"Chozi la jicho?" anauliza Nuhu.
Ndege, namwambia. Ndege tu.
Anacheka, anakwenda kulala; ameshinda macho usiku kucha.

Mpira wa maji umejikunja gerejini,
buibui ameuziba mdomo.
Palipokuwa na tofaa dogo pana shimo bado.
Novemba nitajaribu tena, nikiweza kukaa ndani.

Kile kikombe sikukitupa.
Kiko nje, kwenye ukingo wa dirisha,
nakipimia mvua.
Juzi, mstari wa pili.
Jana usiku kilijaa, kikafurika,
nami nililala nikisikia kinavyomwagika.