Picha ya Pasipoti

Miaka kumi na tisa nimewapiga watu picha za pasipoti
katika chumba kimoja hapa Bombo, nyuma ya duka la dawa:
tazama mbele, usicheke, masikio yaonekane,
vua kofia, mzee, samahani, ni sheria.
Kisha simu zikaja. Wateja wakapungua
kama maji ya mtungi uliopasuka mahali usipopaona.

Ndipo akaja yeye.
Si dukani. Nyumbani, saa tatu usiku,
umeme umekatika, Atim anachambua maharagwe kwa taa ya sola.
Akatua juu ya tangi la maji
bila sauti, kama shuka lililodondoka kambani.
Akageuza uso mzima, ule uso wa sahani,
akanitazama mbele. Hakucheka.
Nikasema moyoni: huyu anaijua sheria.

"Kiwuugulu!" akasema jirani yangu Ssemwogerere,
akatema mate, akaokota jiwe.
Wanawe wakaziba masikio wasimsikie akilia,
maana akilia, wanasema, anahesabu watu wa nyumba,
na kila anapohesabu, mmoja hupungua.
Na kweli, ng'ambo ya ua, Hajati Bakhita
alikuwa kitandani wiki ya tatu,
miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa.
Nikamshika Ssemwogerere mkono.
Sikuwa na hoja. Nilikuwa na kamera.

Usiku wa kwanza nilipata tangi.
Usiku wa pili, tangi na giza.
Wa tatu nilipata bawa, au kidole changu mwenyewe;
Atim alisema bawa, kwa huruma.
Mwanga wa kamera sikuuwasha. Macho yake ni ya kazi,
yetu saa hizo ni ya kulalia tu;
nani humpofusha fundi akiwa kazini?
Nikafunga taa kwenye mfenesi, nikaivisha kitambaa chembamba,
nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mbu wakanipiga mhuri mmoja baada ya mwingine
kama maofisa wa mpakani.

Usiku wa saba alikuja na panya mdomoni.
Panya wetu! Yule aliyetafuna kona ya cheti chetu cha ndoa.
Nikabonyeza. Mara moja tu. Kamera yangu kongwe ikalia ta,
naye akageuza kichwa polepole, kama mlango wa benki,
akaondoka na mzigo wake.
Picha ndiyo hii: jicho moja wazi, jingine limefumbwa,
mkia wa panya unaning'inia kama kamba ya kiatu.
Ofisi yoyote ingeikataa. Masikio hayaonekani.

Nikampelekea Hajati. Binti zake wakanikodolea macho:
mgonjwa unamletea picha ya msiba?
Yeye akaomba miwani. Akaisogeza picha hadi puani,
akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.
"Huyu analala jicho moja, kama marehemu mume wangu
alipokuwa mlinzi wa bohari ya pamba.
Wezi hawakujua lipi liko zamu."
Kisha akajiinua, akajifunga gurbaba yake vizuri, akasema:
"Na mimi nipige. Ya pasipoti.
Nataka niwe tayari, kokote niendako."

Tazama mbele, Hajati. Usicheke.
Akacheka.

Hakufa. Kilichokufa wiki ile ni redio ya Ssemwogerere,
na panya watatu ninaowajua mimi.
Sasa Hajati huja hadi kwenye ua kwa fimbo,
anauliza: mgeni wetu yuko wapi?
Sijui. Hajarudi tangu wakate ule mvule nyuma ya kambi;
msumeno ulilia siku mbili,
na hakuna aliyeziba masikio.

Dukani nimezitundika picha mbili ubavu kwa ubavu,
zote zina makosa ya kisheria.
Wateja wachache waliobaki huuliza ni akina nani.
Majirani, nawajibu. Tazama mbele.

Na saa tatu usiku bado natoka, nakalia ndoo yangu.
Tangi.
Tangi na giza.