Kiapo cha Upotevu

Mimi, Mwanahalima binti Shee Bwanaadi,
mpiga chapa wa viapo, meza ya tatu kutoka lango la mahakama,
mkaazi wa Bondeni, Mombasa,
naapa na kutamka kama ifuatavyo:

Kwamba mwaka wa kumi na nne huu nawaandikia watu vilivyowapotea:
kitambulisho kilichoanguka kivukoni Likoni,
hati ya kiwanja iliyoliwa na mchwa Kisauni,
cheti cha ndoa ambacho mume asema kimepotea
na mke, pembeni, anatazama dari.
Nawauliza kwa sauti ya kazi: mara ya mwisho ulikiona wapi?
Shilingi mia mbili. Muhuri ni kwa wakili, ghorofani.

Kwamba Jumatatu bando lilikwisha kabla ya saa nne,
nikaambiwa ni wingu linalolinywa:
kila herufi nipigayo yapanda juu,
kila kosa nirekebishalo lapanda tena.
Wingu gani hili, nikasema,
lafyonza tu, halinyi?
Nikatafuta kitufe, nikazima usawazishaji.
Mashine ikauliza: una hakika?
Swali hilo mimi huwauliza watu kutwa.
Nikajibu ndiyo, kama wajibuvyo wao,
bila kusoma.

Kwamba uso wa kompyuta ukabaki mtupu
kama sinia la pilau, watu wameshanawa.

Kwamba sikupiga kelele.
Hili naliandika waziwazi
kwa sababu Kadzo wa fotokopi atasema nilipiga.

Viapo elfu tatu na ushei!
Na mzee Ngombo yuko mbele yangu, kofia mkononi,
kapoteza kitabu cha gari,
angoja nimsaidie kupotelewa kisheria.
Nikachungulia pipa la taka: hamna.
Nikazima, nikawasha.
Nikasoma Ayatul Kursi, nikazima tena.

Kwamba Kadzo alikuja na vidole vyeusi vya wino,
akasogeza kiti changu nikiwa bado nimekikalia.
"Zimehama chumba, dada, hazijahama nyumba."
Akafungua folda ndani ya folda,
na humo, Mola wangu, zimejipanga foleni
kama watu wa asubuhi langoni.
"Zenye tiki zipo. Zenye kijiwingu
ni majina tu; miili iko juu."
Akawasha intaneti ya simu yake, bando la hamsini,
akaziangua moja moja.
Nami nilikuwa chini, nikihesabu vishindo.

Kwamba saa tisa mzee Ngombo alipata kiapo chake.
Alilipa mia. Mia nyingine ni kesho.

Kwamba kule juu kuna pipa jingine,
nalo huhifadhi kitu siku thelathini kabla ya kukiacha.
Humo palikuwa na faili moja nisiyoitafuta:
barua kwa dada yangu Saumu, juu ya shamba la Mtwapa,
kurasa mbili, nilizoziandika usiku
na kuzifuta kabla ya alfajiri.
Imebakiza siku nne.
"Na hii, niirejeshe?"
Kadzo hakuisoma. Alisoma uso wangu.

Kwamba sheria yajua tofauti ya kupotea na kutupa.
Cha kupotea nimekiandika mara elfu tatu.
Cha kutupa, hakuna aliyewahi kuja kukiomba,
wala sijui kingeanza na maneno gani.

Nikamwambia, iache.
Jana nilipanda kuichungulia, bila kuigusa.
Na leo asubuhi.

Kwamba yote niliyoyatamka ni kweli
kwa kadiri ya ujuzi wangu na imani yangu,
isipokuwa pale penye kelele.

Kimeapwa Mombasa,
zikiwa zimebaki siku mbili.