Kifua cha Nani

Kila Jumapili baada ya misa napiga simu shambani,
kilomita arobaini njia ya Kasenga,
kule mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu,
na mama hukipanda na kitenge chake cha kanisani.
"Mihindi iko namna gani?"
"Inafika mu kifua."

Nikafurahi. Nikaandika kwenye daftari la duka:
Januari, wiki ya pili, kifuani.
Nikapiga hesabu ya magunia, ya meka, karo ya Mwenya,
mpaka usiku, kitandani Katuba, bati juu yangu kimya,
siku ya tisa bila tone,
nikashtuka: kifua cha nani?

Miaka yote aliyepima alikuwa baba.
Goti, paja, kiuno, kifua, bega,
ndiyo rula tuliyokulia,
na baba alikuwa wa kuinama kila mlango;
kule mgodini walimwita Mlingoti.
Mama alimfika kwenye mfuko wa shati.

Jumamosi nikadandia lori la makaa lililorudi tupu.
Tangu barabarani niliona:
saa sita mchana, majani yamejikunja kama sigara,
kila shina limejifumbata
kama mtu anayeficha noti kiganjani.
"Usiku yanakunjuka," mama akasema.
"Siku nitaamka nikute bado yamejikunja,
siku hiyo usiniulize habari za mihindi."

Ndani ya moyo wa kila mmea, majivu na mchanga laini,
kipimo cha vidole vitatu, dawa ya viwavi.
Mstari wa kumi na moja viwavi wameshinda,
majani yamebaki matundu matundu, unaona mbingu.
Na mbolea nyeupe, mfuko mzima, nusu yake deni,
imelala chini ya kitanda
ikingoja udongo ulowe:
kifuniko kimoja cha bia kwa kila shina,
ndivyo baba alivyoacha amesema.
Nikaubonyeza mfuko. Unaanza kuwa jiwe.
Mvua haiji, na mbolea inakunywa hewa.

Ng'ambo ya mfereji baba Mutobo anapiga mluzi.
Desemba alifyeka nyasi, zikanyeshewa, zikaoza,
ng'ombe wake watano wakazigeuzia pua.
Sasa amefyeka tena, na jua hili hili
linamkaushia nyasi zikiwa bado kijani,
zenye harufu ya majani ya chai.
Anazigeuza kwa uma wa mti, anazifunga kwa kamba za magome.
"Siku tatu," ananiambia bila kunitazama.
"Mungu anipe tatu tu."
Mama anataka mvua leo jioni.
Kanisani wanakaa benchi moja.

"Kuja," mama akaniita. "Simama hapa. Vua viatu."
Akanipanga katikati ya mstari wa nne,
akaninyoosha mgongo kwa kiganja,
akarudi nyuma hatua tatu, jicho moja amelifumba
kama fundi anayetazama ukuta.
Miaka thelathini na moja nimetembea na urefu huu
nikidhani ni wangu.
"Kiuno," akasema. "Kiuno cha baba yako.
Mwaka jana, tarehe hizi, bega."
Akachomoa kiwavi kwenye jani lililokuwa karibu,
akakiponda kwa ukucha wa dole gumba,
akajifuta kwenye kitenge.

Upande wa Zambia wingu lilikuwa limeanza,
jeusi chini, juu bado jeupe,
la kuweza kuja au kupita zake.
Mama aliliona kabla yangu.
Akaruka mfereji, akamwita Mutobo kwa sauti kubwa,
na wakaanza kubeba nyasi kuingiza bandani,
mama mbele, fundo kichwani limemfunika hadi mabega,
akimgombeza jirani afanye haraka, afanye haraka.

Mimi nikabaki mstarini, miguu peku,
kwa sababu hakuniambia nitoke.