Kilo Ishirini na Tano

Mizani ya Fida inaning'inia kwenye boriti ya zizi
na vijana wamepanga foleni chini yake kama wagonjwa.
Kilo ishirini na tano kila mgongo, si zaidi, asema Fida,
huku kidole chake kikiusukuma mshale juu kidogo.
Nimekiona. Nimewahi kubeba kidole hicho
kutoka Hushe hadi juu ya Gondogoro, na hakikulipwa.

Mwanangu Taki ana miaka kumi na minane na siku tisa.
Kesho anaondoka na wageni saba,
mapipa ya plastiki ya buluu, mafuta ya taa,
mayai mia mbili yaliyolazwa kwenye majani makavu
na mbuzi mmoja ambaye bado hajaambiwa.

Kaa hapa nikufunge viatu.
Ni vya Mjerumani aliyeviacha mwaka wa mafuriko.
Vinakupwaya kwa namba mbili, na ndivyo nitakavyo:
soksi mbili, kisha nafasi ya kidole kujikunja.
Kiatu kinachokubana huku bondeni
kule juu kitakukata.
Mimi nina vidole saba vya miguu.
Vile vitatu vilikuwa ada; wewe unasomeshwa bure.

Sikiliza. Mtaanza kutembea saa saba usiku,
barafu ikiwa imelala, kinywa kimefumba.
Jua likichomoza theluji hulainika kama uji,
na daraja lililombeba mtu alfajiri
saa nne halimjui tena.
Kamba usiizungushe mkononi, ikikaza itaondoka nao.
Ukiona theluji imebonyea, ina rangi ya maziwa yaliyochacha,
chomeka fimbo kwanza, ndipo uchomeke imani.
Kichwa kikiuma, sema.
Ukitapika, shuka.
Anayeficha maumivu kwa kuogopa kukatwa ujira
hurudi amebebwa, na wabebaji hudai malipo.

Taki anaitikia, ndiyo baba, ndiyo baba,
macho yako kwenye kamba za viatu.

Babu zetu waliziozesha barafu:
dume jeusi la changarawe, jike jeupe.
Wakazipandisha kwenye vikapu usiku kucha bila kusema neno,
wakazifukia pangoni kwa makaa na makapi ya ngano.
Mfereji unaonywesha shamba letu la shayiri
ni mjukuu wa ndoa ile.
Nilitaka kumwambia hilo. Badala yake nikamwambia
jiwe kubwa lenye mfano wa ngamia, pale pinda kushoto.

Fida akacheka. Jiwe lipi, mzee?
Barafu ya pale imerudi nyuma hatua mia nne.
Ngamia wako alizama kwenye ziwa kiangazi cha juzi.

Basi nikanyamaza.
Mlima ninaoufundisha umekwisha kuhama.

Usiku amelala. Nafungua begi lake,
lile la kwake mwenyewe, ambalo halilipiwi.
Chapati za mama yake. Kokwa za aprikoti ndani ya kitambaa.
Sululu yangu ya barafu, mpini wa mjozi,
niliyoipenyeza humo jioni bila kumuuliza.
Na ndani ya soksi, kitabu cha kemia,
kona za kurasa zimekunjwa, kimefungwa na uzi.

Mimi sijui kusoma, ila mizani naisoma.
Kitabu: nusu kilo na kitu.
Sululu: kilo moja kasoro.
Juu ya mita elfu tano, nusu kilo ni mtoto mgongoni.
Nilikitoa. Nikakiweka mlangoni.
Nikakaa nacho hapo mlangoni.

Fida ana sululu mpya, nyepesi, za kila mtu.
Nikairudisha yangu ukutani kwenye msumari wake
na kitabu nikakivalisha soksi.

Kulsumu akauliza gizani: umemwekea chumvi ya chai?
Nimemwekea, nikasema.
Sikuwa nimemwekea.
Nikasubiri pumzi yake irefuke,
nikainuka tena, nikipapasa rafu.