Upindo

Mimi sikuwahi kumsikia akisalisha.
Ijumaa nina msikiti wangu, Jumapili nina oda za sare,
na kanisa lake liko Marafa, mbali na cherehani yangu hapa Shela ya Malindi.
Wanaotaka mahubiri yake wawaulize Wakristo.
Mimi nitasema nilichokisoma kwenye kitambaa.

Padri Egidi Mwaringa, Mkapuchini, mtoto wa Bamba,
aliniletea kanzu ile ile ya kahawia miaka ishirini na sita.
Magoti ndiyo yaliyotangulia kwisha.
Nikamwambia, "Padri, mnasujudu sana nyinyi."
Akacheka hadi kikohozi kikamshika.
"Lali, hayo ni magoti ya pikipiki.
Kila nikikaribia Baricho inazima,
napigia goti plagi kuliko altare."

Mifuko nayo. Kabla ya kushona humwaga kilichomo mezani,
fundi asije akasingiziwa wizi:
peremende zilizoyeyuka na karatasi zake,
risiti ya karo ya mtoto asiyeitwa Mwaringa,
vidonge vya malaria,
ufuta wa mbegu ndani ya kipande cha gazeti,
na rozari iliyopungukiwa ushanga mmoja.
Nikampa kifungo cha shati kutoka kwenye kopo langu.
Tangu siku ile, alisema, kila akifika kwenye kifungo
hunitaja mimi na wanangu.
Sikujua nijibu nini. Nikampunguzia shilingi hamsini.

Kamba ya kiunoni sikuigusa, ile si kazi ya sindano.
Mafundo matatu, akanihesabia: ufukara, utii, useja.
Mimi mwenye wake wawili na deni la duka
nikamwambia la kwanza tumefungwa sote,
la pili kamuulize Bi Mwanaesha,
la tatu, Padri, lala nalo mwenyewe.

Mwaka Sabaki ilipofurika
alikuja na kanzu yenye tope hadi kwapani.
Hakusema alimbeba nani.
Kwenye bega la kulia, tope juu ya tope,
palikuwa na alama ya kiganja kidogo, vidole vitano.
Niliifua mwisho.

Kisha ile ya Agosti.
Alisema ni mwiba wa mgunga.
Nikaipeleka mwangani.
Mwiba huvuta uzi, huacha manyoya kama kifaranga;
panga hupita.
Mkato ule ulianza begani ukateremka kifuani,
umenyooka kama wa mkasi wangu.
Sikuuliza. Yeye akatazama barabarani.
Wiki ile soko zima lilimzungumza Mzee Chengo Toya,
jinsi mvi zilivyomponza,
jinsi wanawe wa kuzaa walivyomwita mchawi
wakamfuata usiku hadi nyumba ya mapadri
wakakuta mlango umevaa kanzu.
Uzi wa kahawia ulikuwa umekwisha. Nikashona kwa mweusi.
Mzee aliishi miaka saba tena,
akichunga kuku wa misheni na kuwatukana kwa majina.

Padri alipoanza kupungua nilijua kabla ya daktari.
Kwaresima nilikunja ubavuni inchi moja, nikadhani ni mfungo.
Pasaka ikapita. Nikakunja tena.

Jana walikuja ndugu zake wawili, vijana, viatu vyekundu kwa vumbi.
Kwao mtu huzikwa na kanzu yake.
Wakataka mpya, ya heshima, askofu atakuwepo.
Wakauliza kama nahitaji kipimo.
Kipimo! Nikawaambia leteni ile ile.

Nimeshona usiku kucha, umeme ukienda na kurudi.
Mkato wa Agosti nimeuacha na uzi wake mweusi.
Nilipofumua upindo mchanga ulimwagika mezani,
mwekundu wa Marafa, mweupe wa sijui wapi,
na punje moja ya ufuta.
Fundi anayejua kazi hukung'uta kabla ya kufunga.
Nimeukusanya wote kwa ukingo wa kiganja,
nimeurudisha ndani,
nimeshona juu yake.