Kuonja Maji

Khuong alishuka kwenye gari la mradi
na sanduku la vipimo, viatu vya mpira vipya,
na Kifaransa cha shule ya zamani, kimechakaa magotini.
Mimi ndiye niliyelipwa kufasiri:
maneno yake kwa akina mama wa Casamance,
ya kwao kwake, na posho jioni.

Akasema: mche mmoja mmoja, msiisonge, nafasi ya kiganja.
Nikafasiri.
Akasema: mpunga haupendi kuoga kutwa, acheni tope lipumue.
Ulimi ukateleza, nikawaambia: acheni tope likorome.
Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Honorine Bassène hakucheka.
Alikwisha kushuka bondeni, gauni kalifunga mapajani,
akachota maji ya jaruba kwa kitanga cha mkono,
akayaonja, akatema.
"Mwambie bado. Mvua tatu bado."
Khuong akatumbukiza kipimo, akasoma tarakimu,
akafuta kioo kwa shati, akasoma tena.
Nikangoja neno la kufasiri. Halikuja.

Kesho yake hakufungua sanduku.
Alitaka kuonyeshwa tuta,
jinsi wanaume wanavyolipandisha kwa kayendo,
koleo la mti lililomzidi urefu mwenye kulishika;
jinsi gogo la mvumo, limetobolewa ndani,
linavyolazwa chini ya tuta kama koo:
hufunguliwa maji yakipwa, mvua itoke na chumvi,
huzibwa kwa nyasi na tope bamvua likija.
Aliuliza kipenyo. Aliuliza nani huziba usiku.
"Anayeamka," akasema Honorine.

Ndipo akatueleza kwao, Ben Tre, kwenye midomo ya Mekong:
kiangazi bahari hupanda mto bila kubisha hodi,
minazi hufa ikiwa imesimama,
na mama yake, aliyezaliwa juu ya maji,
hununua maji ya kunywa kwa debe.
Nilifika kwenye neno chumvi
nikaona hawanihitaji.

Mbegu alizopewa, konzi mbili za mpunga mwekundu
wenye masharubu marefu,
zilikaa miezi minane forodhani
zikingoja muhuri, kisha muhuri wa kuthibitisha muhuri.
Mataifa mawili yalikwisha kutia saini, kwa kalamu ya dhahabu;
panya wa ghala hakuambiwa.

Zilipofika, katika kumi zikaota tatu.
Nasi, ile nafasi ya kiganja tuliifuata kwenye majaruba manne:
mawili yakatuzidishia magunia,
mawili yakaliwa na kaa,
na Honorine hajaacha kunilaumu mimi
kana kwamba kaa nao niliwafasiri.

Mwezi wa tisa simu yangu ikalia. Picha.
Tuta jipya, limepinda, la mtu anayejifunza.
Gogo la mnazi uliokufa, limetobolewa, limelazwa.
Na bibi kizee chini ya kofia ya ukindu iliyochongoka,
ameinama, kitanga mdomoni.
Maandishi, kwa kile Kifaransa chake: Mama anasema bado.

Nilimpelekea Honorine. Akaitazama sana,
akaivuta kwa vidole viwili
mpaka ukingo wa tuta ukajaa kioo kizima.
"Mwambie," akasema,
"gogo lake amelilaza kinyume."